Paul Baran, mtu aliyetafuta mtandao usionyamaza hata ukikatwa

Rezo ikikatika mjini Bunia, habari haihitaji mtangazaji. Kandokando ya Boulevard de Libération, wenye vibanda vya kutuma na kutoa pesa kwa simu wanabaki mikono mitupu. Mama aliyetumiwa pesa ya hospitali kutoka Mongbwalu anasubiri, na mwanafunzi aliyekuwa anatuma kazi yake kwa mwalimu anaambiwa arudi kesho. Mara nyingi si simu zote zilizoharibika, wala minara yote. Ni sehemu moja tu, pengine mbali sana na mji. Lakini kwa kuwa mazungumzo yote yalipita hapo, mji mzima unanyamaza.

Namna ya kujenga mtandao ili sehemu moja ikifa nyingine ziendelee kusema ni swali ambalo mtu mmoja alilibeba zaidi ya miaka 60 iliyopita. Aliitwa Paul Baran. Alizaliwa Ulaya ya mashariki, akakulia dukani kwa baba yake huko Marekani, akafariki mwaka 2011. Wengi wanaofungua WhatsApp kila asubuhi hawajawahi kusikia jina lake, lakini kila ujumbe wanaotuma unasafiri kwa njia inayofanana na ile aliyoichora.

Mtoto wa Grodno

Baran alizaliwa tarehe 29 mwezi wa nne mwaka 1926 katika mji wa Grodno, uliokuwa wakati ule ndani ya Polandi na ambao leo ni wa Belarusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, nao walimpa jina la Pesach. Mwaka 1928, akiwa na miaka miwili, familia ilihamia Marekani. Walifikia Boston, kisha wakakaa Philadelphia, ambako baba yake, Morris, alifungua duka la vyakula. Kijana Paul alikuwa akipelekea wateja bidhaa kwa kigari kidogo cha kukokota.

Safari hiyo iliokoa maisha yao. Mwaka 1941 jeshi la Hitler liliingia Grodno, na kufikia mwaka 1943 karibu Wayahudi wote wa mji huo walikuwa wamekwisha kuuawa. Mtoto aliyeondoka akiwa hajui kusema vizuri alibaki kuwa mmoja wa wachache waliotoka pale na kuishi hadi uzee.

Mwaka 1949 alipata shahada ya uingenia wa umeme katika chuo cha Drexel, hapohapo Philadelphia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kampuni iliyokuwa inatengeneza UNIVAC, moja ya kompyuta za kwanza kuuzwa kibiashara nchini Marekani. Baran alipewa kazi ya kupima vipande vitakavyowekwa ndani ya mashine. Kompyuta za siku zile zilijengwa kwa maelfu ya taa za kioo kama zile za redio za zamani, na taa hizo ziliungua mara kwa mara. Ilikuwa shule nzuri kwa mtu ambaye baadaye angejiuliza namna ya kupata kitu imara kutokana na vipande dhaifu.

Mwaka 1955 alimuoa Evelyn Murphy, nao wakahamia Los Angeles. Mchana alifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Hughes, jioni alisoma katika chuo kikuu cha UCLA, na mwaka 1959 akapata shahada ya pili. Alianza pia masomo ya udaktari, lakini hakuyamaliza. Mwenyewe alipenda kusimulia kwa mzaha kwamba siku moja alizunguka chuo kizima akikosa mahali pa kuegesha gari, akaamua kwamba hata Mungu hataki aendelee na shule.

Hofu ya vita

Mwaka huohuo wa 1959 aliingia RAND, taasisi ya utafiti iliyoko Santa Monica, jimboni California, iliyofanya kazi nyingi kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani. Dunia ilikuwa imegawanyika kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, na pande zote mbili zilikuwa na makombora ya nyuklia. Lililowatia wasiwasi watafiti wa RAND halikuwa makombora peke yake. Ilikuwa pia simu.

Mawasiliano ya Marekani yalipita karibu yote katika mtandao wa simu wa kampuni ya AT&T. Mtandao huo ulijengwa kama mti: nyumba ziliunganishwa na kituo kidogo, vituo vidogo na kituo kikubwa zaidi, na vile vikubwa na vichache vya juu kabisa. Adui angepiga vituo vichache tu vya juu, majenerali wasingeweza tena kuzungumza na vikosi vyao, hata kama vikosi vyenyewe havikuguswa.

Baran aliona hatari nyingine ndani ya hiyo. Kiongozi anayejua kwamba simu zake zitakufa kwa pigo la kwanza anaweza kushawishika kupiga kwanza, kwa hofu tu. Kwa hiyo, mawasiliano yanayovumilia pigo yalikuwa kwake njia ya kuwapa viongozi subira. Alitaka mtandao mgumu kuua ili vita visianze.

Mwaka 1961 watu walilipua minara mitatu ya simu magharibi mwa Marekani. Hawakuhitaji kombora, baruti na usiku mmoja vilitosha kuonyesha namna nchi tajiri kuliko zote ilivyotegemea nguzo chache zilizosimama peke yake porini.

Wazo la kwanza la Baran lilikuwa rahisi: kutumia redio ndogo zilizotapakaa nchini kote, kila moja ikipokezana ujumbe na jirani yake mpaka ufike. Wakubwa wa jeshi walimjibu kwamba njia hiyo ingepitisha maneno machache mno kuliko wanayohitaji. Alirudi mezani, akaamua kutafuta mtandao ambao ungebeba kila kitu, hata sauti.

Michoro mitatu

Kati ya karatasi zote alizoandika, mchoro mmoja ndio unaojulikana zaidi. Unaonyesha vituo vilevile vilivyounganishwa kwa namna tatu. Kwa mkaaji wa Ituri, njia nyepesi ya kuuelewa ni kuchukua miji na wilaya za jimbo: Bunia katikati, kisha Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa. Jumla ni vituo sita.

Namna ya kwanza ni nyota. Kila wilaya inavuta waya mmoja mpaka Bunia, basi. Zinahitajika njia tano tu, kwa hiyo ni bei rahisi kuliko zote. Lakini Aru ikitaka kusema na Mahagi, jirani yake, lazima ipitie Bunia. Na siku kituo cha Bunia kikiungua, wilaya zote tano zinakuwa visiwa.

Namna ya pili ni nyota nyingi zilizounganishwa. Vituo vidogo vinashikamana na kituo kikubwa cha karibu, na vile vikubwa vinashikamana vyenyewe kwa vyenyewe. Simu za Marekani zilikuwa hivyo. Ni afadhali kuliko nyota moja, lakini kituo kikubwa kikianguka, kinaondoka na watoto wake wote.

Namna ya tatu ni wavu. Hapa hakuna kituo kikuu. Kila kituo kinashikana na majirani kadhaa, kama wavu wa wavuvi wa Tchomia na Kasenyi katika Ziwa Albert. Mvuvi anajua kwamba uzi mmoja ukikatika, samaki bado wanabaki ndani, kwa sababu nyuzi nyingine zinashikilia. Wavu wenye matundu kumi bado ni wavu. Lakini kamba moja ya ndoano ikikatwa, kila kitu kimekwenda.

Kuna pia umbo la duara, ambalo mafundi wengi wanalitumia mpaka leo. Vituo sita vikishikana mikono kama watoto wanaocheza, zinahitajika njia sita, moja tu zaidi ya nyota. Njia moja ikikatika, ujumbe unageuka na kupita upande wa pili. Zikikatika mbili, duara linavunjika vipande viwili.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi kila kituo kisiunganishwe na kila kingine? Jibu ni pesa. Kwa vituo sita zinahitajika njia 15. Kwa vituo 10 ni njia 45, na kwa vituo 100 ni njia 4,950. Hakuna serikali wala kampuni inayoweza kulipa hizo.

Hapo ndipo kazi ya Baran ilipokuwa na thamani. Aliingiza michoro yake katika kompyuta, akavunja vituo na njia kwa bahati nasibu, akahesabu vilivyobaki na uwezo wa kusemezana. Aligundua kwamba hakuna haja ya kuunganisha kila kitu na kila kitu. Kwa vituo 100, njia 300 au 400 zilitosha kuleta uimara unaokaribia ule wa juu kabisa. Hata nusu ya vituo ikiharibiwa, sehemu kubwa ya vilivyobaki ingeendelea kuzungumza.

Maana yake ilikuwa kubwa kuliko hesabu yenyewe. Mtandao imara haukuhitaji mashine za bei ghali zilizofichwa chini ya ardhi. Ungeweza kujengwa kwa vifaa vya kawaida, hata vinavyoharibika mara kwa mara, mradi viwe vingi na viunganishwe vizuri. Baran alizungumza pia na Warren McCulloch, daktari na mtafiti wa ubongo huko MIT, kuhusu namna ubongo unavyoweza kuendelea na kazi baada ya sehemu yake kuumia. Aliona kwamba ubongo haukai katika chumba kimoja. Ukipoteza njia moja, unajifunza nyingine.

Barua iliyokatwa vipande

Umbo zuri peke yake halikutosha. Simu za zamani zilifanya kazi kwa kufungua njia moja kutoka kwa msemaji hadi msikilizaji, na njia hiyo ilibaki yao mpaka wakate simu. Njia ikikatika katikati, mazungumzo yanakufa. Tena sauti ilikuwa inachakaa kila inapopita kituo kimoja hadi kingine, kama karatasi inayopigwa fotokopi ya fotokopi. Katika wavu, ambamo ujumbe unaweza kupita vituo vingi, sauti ingefika ikiwa mvumo tu.

Baran alitoa majibu mawili. Kwanza, kila kitu kigeuzwe kuwa tarakimu, sifuri na moja, ambazo kila kituo kinaweza kuziandika upya zikiwa safi kama mwanzo. Pili, ujumbe ukatwe vipande vidogo vya ukubwa mmoja, biti 1,024 kila kimoja, na kila kipande kiandikwe anwani ya kinakotoka na kinakokwenda.

Tangu hapo kila kipande kinajitafutia njia. Kituo kikipokea kipande, kinaangalia anwani, kinachagua jirani anayeonekana kuwa karibu zaidi na safari, kinamrushia mara moja. Jirani huyo akiwa amekufa au amelemewa, kinarushiwa mwingine. Baran alilinganisha jambo hilo na kiazi kilichotoka motoni: hakuna anayetaka kukaa nacho mkononi, kila mmoja anampa mwenzake haraka. Vipande vinaweza kupita njia tofauti na kufika bila mpangilio. Mpokeaji ndiye anayevipanga upya.

Dereva yeyote wa Bunia anaelewa jambo hilo bila kuambiwa. Mtu akitaka kupeleka magunia 20 Beni na akasikia kwamba barabara si salama, hapakii yote katika gari moja. Anayagawa, anaandika jina la mpokeaji kwenye kila gunia, na kila dereva anaamua njiani kulingana na habari anazopata. Gunia moja likipotea, mpokeaji anaomba hilo moja, si yote 20.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1964 RAND ilichapisha kazi hiyo katika majuzuu 11. Nyingi za karatasi hizo zilikuwa wazi kwa kila msomaji. Baran aliona kwamba hata Wasovieti wakizisoma si vibaya, kwa sababu dunia ingekuwa na usalama zaidi kama pande zote mbili zingekuwa na mawasiliano yasiyoogopa pigo la kwanza.

Waliokuwa wagumu kushawishi hawakuwa Wasovieti. Walikuwa mafundi wa AT&T. Kwa miaka kadhaa Baran aliwafuata akiwaeleza wazo lake. Wengi wao walikuwa wameishi maisha yao yote na simu za njia moja iliyofunguliwa, na hawakuamini kwamba mazungumzo yanaweza kukatwa vipande na kuunganishwa tena bila mtu kutambua. Kampuni iliandaa hata mafunzo ya wiki kadhaa kwa watu wa nje, na wasemaji 94 walipita mbele mmoja baada ya mwingine wakieleza namna mtandao wa simu unavyofanya kazi. Mwishoni msimamo wao ulibaki uleule.

Kulikuwa pia na jambo la biashara. AT&T ilikuwa karibu peke yake katika soko la simu za mbali. Kukubali wazo la Baran kulikuwa sawa na kusaidia kuzaa mshindani wake.

Mwaka 1965 RAND ililipendekezea jeshi la anga kujenga mtandao huo bila AT&T, na jeshi likapendezwa. Lakini wizara ya ulinzi iliamua kwamba kazi hiyo iende kwa idara yake ya mawasiliano, ambayo watu wake walizoea simu za zamani na hawakuwa na ujuzi wa tarakimu. Hapo Baran alifanya uamuzi ambao watu wengi wasingeufanya. Aliwashauri rafiki zake jeshini waache mradi. Aliona kwamba ukijengwa na wasioujua utashindwa, na ukishindwa hakuna atakayethubutu kujaribu tena kwa miaka mingi. Alikubali wazo lake lilale kuliko life.

Halikulala muda mrefu. Nchini Uingereza, mwanasayansi Donald Davies alifikia wazo linalofanana mwaka 1965, bila kujua kazi ya Baran. Davies hakuwaza vita. Aliwaza namna watu wengi watakavyotumia kompyuta moja kwa wakati mmoja bila kulipia laini isiyofanya kazi. Ni yeye aliyeviita vipande hivyo pakiti, jina linalotumika dunia nzima leo.

Mwaka 1967 Larry Roberts, aliyekuwa anaandaa mtandao wa kompyuta wa idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya Marekani, alizifahamu kazi za Davies na Baran, na Baran akaitwa kutoa mashauri. Tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka 1969 ujumbe wa kwanza wa mtandao huo, ARPANET, ulitoka UCLA kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford. Kufikia mwisho wa mwaka vituo vilikuwa vinne. Kutoka hapo, kwa miaka na mikono mingi, ndipo ilipotokea intaneti.

Wengi husema kwamba intaneti ilijengwa ili ivumilie bomu la nyuklia. Si hivyo hasa. ARPANET ilijengwa ili watafiti wagawane kompyuta zilizokuwa chache na za bei kubwa. Aliyewaza bomu ni Baran, na sehemu ya mawazo yake ndiyo iliyoingia humo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1968 Baran aliondoka RAND na kusaidia kuanzisha taasisi ya kuchunguza mambo ya baadaye. Kisha akageuka kuwa mwanzilishi wa kampuni, moja baada ya nyingine, karibu zote zikihusu njia mpya za kupitisha habari: kwa waya wa televisheni, kwa redio, kwa pakiti. Metricom, aliyoianzisha mwaka 1985, na Com21, ya mwaka 1992, zinajulikana zaidi. Anahesabiwa pia kuwa mbunifu wa mlango wa kugundua silaha, ule ambao msafiri anapita katika kiwanja cha ndege.

Alikuwa anaona mbali. Mwaka 1966 alieleza mbele ya wataalamu wa biashara kwamba siku moja watu watanunua vitu wakiwa nyumbani, wakichagua kwenye kioo. Mwaka huohuo alilionya bunge la Marekani kwamba kompyuta zikikusanya habari za kila raia mahali pamoja, siri za watu zitakuwa hatarini. Wakati ule kompyuta bado ilijaza chumba kizima.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1991 alipewa tuzo ya Marconi, na baadaye medali ya taifa ya teknolojia ya mwaka 2007, inayotolewa na rais wa Marekani. Watu walipomwita baba wa intaneti, alikataa. Alilinganisha kazi hiyo na ujenzi wa kanisa kubwa unaochukua miaka mingi: kila anayepita anaweka jiwe juu ya mawe ya waliotangulia, na si haki anayeweka jiwe moja kudai kwamba alijenga kanisa.

Evelyn alifariki mwaka 2007. Paul Baran alimfuata tarehe 26 mwezi wa tatu mwaka 2011, nyumbani kwake Palo Alto, California, kwa ugonjwa wa kansa ya mapafu. Alikuwa na miaka 84. Aliacha mtoto mmoja wa kiume.

Hesabu yake ikiletwa Bunia

Intaneti ya dunia ni wavu, lakini pembezoni mwa wavu bado kuna nyota na kamba ndefu. Simu ya mkaaji wa Mudzipela inasema na mnara mmoja tu kwa wakati mmoja. Hiyo ni nyota. Minara nayo mara nyingi inarushiana mawasiliano mmoja kwa mwingine kwa mstari, kama ndoo zinazopokezanwa kutoka kisimani. Hiyo ni kamba. Mnara wa katikati ukikosa mafuta ya jenereta, yote iliyo nyuma yake inazimika.

Jambo hilo linaendelea mpaka baharini. Kongo ina mlango mmoja tu wa bahari, upande wa Muanda, ambako kebo ya WACS inatoka majini. Kutoka Bunia mpaka huko ni zaidi ya kilometa 2,000 kwa mstari wa ndege, wakati Mombasa, ambako kebo za Bahari ya Hindi zimefika tangu mwaka 2009, iko umbali wa kilometa 1,200 hivi. Ndiyo sababu mashariki mwa nchi hutazama zaidi upande wa Uganda na Rwanda kwa ajili ya intaneti.

Mwaka 2024 ulionyesha udhaifu wa pande zote mbili. Mwezi wa tatu, kebo nne, WACS ikiwa mojawapo, zilikatika katika bahari ya Afrika Magharibi. Mwezi wa tano, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Nchi zilizobaki na njia nyingine isiyoguswa ziliyumba kidogo. Zile ambazo hazikubaki na njia kama hiyo ziliumia zaidi.

Njia chache zina hatari nyingine pia. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo iliamuru intaneti ikatwe, nayo ilibaki imefungwa kwa siku karibu 20. Hakuna waya uliokatika. Milango ilikuwa michache, na aliye na funguo aliifunga. Mtandao wenye milango michache unaweza kunyamazishwa na koleo la mchimba barabara, na unaweza kunyamazishwa na barua ya ofisi.

Wakaaji wengi wa Bunia wamejitafutia dawa yao: wanatembea na kadi za simu za kampuni mbili au tatu. Ni wazo zuri, na Baran angelielewa. Lakini hesabu yake inauliza jambo moja zaidi. Ikiwa kampuni hizo tatu zinapanda kwenye mnara uleule, zinakunywa umeme uleule na kupita katika kebo ileile kuelekea mpakani, basi mtu ana kadi tatu na njia moja. Siku hiyo moja ikikatika, zote tatu zinanyamaza pamoja.

Njia ya pili inayohesabika ni ile isiyokutana na ya kwanza popote: barabara nyingine, mnara mwingine, mpaka mwingine, au satelaiti. Hospitali, benki au chuo kinachotaka kulipia akiba kinaweza kuanzia hapo, kabla ya kununua mashine kubwa. Kumuuliza mtoa huduma intaneti yake inapita wapi mpaka baharini hakugharimu hata franka moja, na jibu lake ndilo linaloonyesha kama taasisi hiyo ina wavu au ina kamba.